Mtambo haukuiba, wala Khalati hakuiba

Msomaji mpenzi, kama umewahi kukabidhiwa pesa za watu, hata zikiwa mia mia za chama, utaielewa hali aliyokuwa nayo khalati yangu usiku aliponipigia simu saa tano na nusu. Hakunijulia hali, wala hakungoja nimwamkie. Alisema tu, "Mwanangu, nimeitwa mwizi."

Khalati anakaa Junda, kule Kisauni, upande wa chini unaokaribia mikoko ya mkono wa bahari wa Tudor. Ni mweka hazina wa chama cha akiba cha kina mama 34. Hukutana barazani kwake kila Alhamisi baada ya sala ya Alasiri, na kila mmoja huweka alichojaliwa: huyu mia, yule mia mbili, na wiki ambayo biashara ya mahamri imefanya vyema, mia tano. Kesho yake Khalati huvuka daraja la Nyali kwenda kuzitia benki. Pesa hizo hazichezewi. Nyingi ni karo ya Januari.

Kwa miaka sita hesabu zilikaa katika daftari. Kisha kijana mmoja wa mtaani, ambaye anasomea kompyuta katika chuo cha mjini, akajitolea kuwatengenezea kina mama programu ya simu. Mamake ni mwanachama, na viazi karai anavyokaanga jioni ndivyo vinavyomlipia masomo, kwa hivyo kijana alikuwa akirudisha fadhila. Programu ilipendeza. Kila mama aliweza kufungua simu yake na kuona akiba yake imefika wapi. Mwezi wa tatu simu ikasema chama kimevuka laki moja: shilingi 100,350. Palipigwa vigelegele.

Benki ilisema 88,700.

Tofauti ni shilingi 11,650, na katika chama, msomaji, mtambo ukisema pesa zipo na benki ikisema hazipo, hakuna anayeuuliza mtambo. Huulizwa mwenye kushika mfuko. Khalati akatoa daftari lake, kwa sababu alikuwa ameendelea kuandika kwa siri hata baada ya kijana kumwambia kwamba mambo ya daftari yamepitwa na wakati. Mama mmoja akalisukuma kando. "Daftari unaliandika wewe mwenyewe," akamwambia, "na kalamu unayo wewe." Neno hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Nilimwomba asilumbane na mtu hadi nifike, kisha nikamkumbuka Ami.

Sitamtaja jina kwa kuwa mwenyewe hapendi. Ni mzee anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwa Khalati. Ukimwona na kikoi chake akicheza bao utadhani ni mvuvi aliyestaafu, kumbe alifanya kazi ya kuandika programu za kompyuta tangu mwaka 1979, enzi za kadi zilizotobolewa matundu, na akaishia kuwa mkuu wa idara hadi alipostaafu mwaka 2014. Nilimtembelea nikiwa na lengo moja tu, kumwokoa Khalati. Nilirudi mjini na ukurasa huu, kwa sababu aliyoyasema yanawahusu wazazi wote ambao wanawe wanasomea kompyuta, na kwa hakika siku hizi ni nyumba chache ambazo hazina kijana kama huyo.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Najua kilichokuleta. Mwambie yule kijana asiguse kitu hadi Alhamisi."

Nilidhani angeomba kompyuta achungulie programu usiku kucha, kama tunavyoonyeshwa katika filamu. Hakuomba. Alhamisi alikuja barazani, akavuta mkeka, akamwomba Khalati apokee pesa na kuziandika kwenye simu kama afanyavyo siku zote. Akakaa kumtazama kidole gumba.

Mama wa kwanza alitoa mia mbili. Khalati akaandika, akabonyeza. Simu ikanyamaza. Wanaoijua Junda ya upande wa chini wanajua kwamba mtandao wa simu pale hujaa na kupwa kama maji ya bahari. Khalati akangoja kidogo, akabonyeza tena.

"Dada, mbona umebonyeza mara mbili?" Ami akauliza.

"Ah, si haikujibu!"

Basi, msomaji, hapo ndipo penye siri nzima. Simu ilikuwa imekwisha kutuma habari mara ya kwanza. Lililochelewa ni jibu. Alipobonyeza mara ya pili, mia mbili zile zikaandikwa tena kama kwamba mama yule ametoa mia nne. Ami na kijana walikaa na daftari la Khalati na karatasi za benki hadi saa mbili za usiku. Kila Alhamisi ya daftari ililingana na pesa zilizotiwa benki Ijumaa yake, bila kupungua wala kuzidi. Katika simu walipata malipo 47 yaliyoandikwa mara mbili, na jumla yake ilikuwa shilingi 11,650 kamili. Hakuna kilichoibiwa, maana pesa hizo hazikuwahi kuwepo duniani.

Utauliza kwa nini kina mama ambao akiba zao zilikuwa zimezidi hawakusema. Nawe, ungesema? Mtu akiona yake imepungua hupiga kelele, lakini akiiona imezidi humshukuru Mungu na kufunga simu.

Kijana alitahayari sana. Alieleza kwamba aliijaribu programu yake mara nyingi kule chuoni na haikukosea hata siku moja. Ami akacheka. Chuoni mtandao una nguvu, jibu hurudi kabla hujainua kidole, basi nani atabonyeza mara mbili? Kijana akaongeza kwa sauti ya chini kwamba sehemu kubwa ya programu aliandikiwa na akili mnemba, hii mitambo ya kisasa ambayo ukiiambia unachotaka inakuandikia. Mimi nilitarajia mzee akasirike, maana watu wa rika lake hawaipendi mitambo hiyo. Hakukasirika. "Hata ingeandikwa na profesa wa Marekani," akasema, "profesa hajawahi kukaa kwenye baraza hii."

Dawa yake haikuwa ngumu, nami naieleza kwa faida ya wanafunzi. Kila malipo yapewe nambari yake ndani ya simu kabla hayajatumwa, mfano wa risiti. Simu ikituma nambari ile ile mara mbili au mara kumi, mtambo wa upande wa pili utaitambua na kujibu kwamba malipo hayo umekwisha kuyapokea, wala hautayaandika tena. Ami anasema mabenki na kampuni za simu zimeishi na tatizo hili miaka na miaka, na kwamba mwanafunzi anayetoka chuoni bila kulijua amefundishwa kuendesha gari bila kufundishwa breki.

Hapa nitatoka Junda kidogo, maana mzee alinikumbusha jambo ambalo sote tulilishuhudia. Katika uchaguzi mkuu wa tarehe 4 Machi 2013, matokeo yalikuwa yakitumwa kwa simu na kuonyeshwa nchi nzima kutoka Bomas of Kenya. Idadi ya kura zilizokataliwa ikapanda hadi kupita laki tatu, watu wakashika vichwa. Baadaye tume ya uchaguzi, IEBC, ikaeleza kwamba palikuwa na kosa katika programu lililozidisha kura hizo mara 8. Kwingineko vifaa vya kutambua wapiga kura vilizima kwa kukosa moto wa betri, kwa kuwa vituo vingi vilikuwa madarasa yasiyo na umeme. Hesabu ikarudi kwenye fomu za karatasi, na matokeo ya mwisho yalipotangazwa, kura zilizokataliwa zilikuwa 108,975. Sitaki kufufua siasa za mwaka ule. Ninachotaka ukione ni kwamba kosa ni lile lile la barazani kwa Khalati: mtambo ulifanya ulichoambiwa, lakini ulichoambiwa hakikuwa kile alichokusudia aliyeuandika. Na katika mambo yote mawili, karatasi ndiyo iliyookoa.

Wazungu nao hawakusalimika. Tarehe 4 Juni 1996 roketi mpya ya nchi za Ulaya, Ariane 5, iliteketea angani sekunde 40 hivi baada ya kuruka, kwa sababu kipande cha programu kilichofanya kazi vizuri katika Ariane 4 kilihamishwa kama kilivyo. Roketi mpya ilikuwa na kasi zaidi, ikatoa nambari kubwa kuliko kipande kile kilivyoweza kubeba. Kilichofaa kule hakikufaa huku.

Lakini si kila kisa ni cha msiba. Kisa anachokipenda Ami kuliko vyote ni cha M-Pesa, nacho wengi wetu hukijua nusu. Huduma hiyo haikuanzishwa ili wewe umtumie mamako pesa mashambani. Mwezi wa Oktoba 2005, Nick Hughes wa kampuni ya Vodafone na mwenzake Susie Lonie, aliyeletwa Kenya kuisimamia kazi, walianza majaribio na Safaricom pamoja na shirika la mikopo la Faulu. Shabaha ilikuwa wakopaji walipe mikopo yao kwa simu. Waliojaribiwa hawakufika 500, Nairobi na Thika. Basi wakawatazama, na watu wakafanya wasivyotarajiwa. Walitumiana pesa wao kwa wao. Wafanyabiashara walilipana. Wengine waliziweka kwenye simu kabla ya safari na kuzitoa walikofika, ili wasiibiwe njiani.

Kiongozi mwenye kiburi angewaambia, "Mnaitumia vibaya." Hawa waliweka kando mambo ya mikopo, na huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 ikauzwa kwa neno moja tu, yaani kutuma pesa nyumbani. Kilichofuata unakijua, pengine umekitumia asubuhi ya leo kununua mbaazi.

"Miezi ile ya majaribio," Ami alisema, "ilikuwa ni kumtazama Khalati kidole gumba." Nami sina la kuongeza hapo.

Kuhusu kuongoza watu alisema mengi, na baadhi nitayaruka. Moja linalochekesha ni la mwaka 1999. Wakati huo dunia nzima ilihofia kwamba kompyuta, zilizokuwa zikiandika mwaka kwa tarakimu mbili za mwisho tu, zingedhani mwaka 2000 ni 1900. Idara ya Ami ilikuwa nyuma ya ratiba, na wakubwa kwa huruma yao wakampa vijana wanane zaidi mnamo Oktoba. Kazi ikazidi kuchelewa! Wale waliokuwa wakifanya kazi waliiacha ili kuwafundisha wageni. Kumbe Mmarekani Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu kubwa katika kampuni ya IBM, alikuwa amekwisha kuonya hivyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1975, na wahenga wetu walimtangulia: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ami aliwarudisha wageni sita idara walizotoka, akaukesha usiku wa tarehe 31 Desemba ofisini na chupa ya kahawa, na kukapambazuka salama.

Jingine halichekeshi. Alinieleza wakati kijana ameondoka na mimi nimekwisha kuvaa viatu.

Mwaka 1991 Ami alikuwa ndio kwanza amepewa uongozi wa watu sita katika kampuni moja ya hapa Mombasa. Walikuwa wakiandika programu mpya ya mishahara ya vibarua waliolipwa kila wiki. Katika kikundi alikuwemo binti mmoja, mgeni kazini, mwenye macho makali. Siku moja mbele ya wenzake alimletea Ami kasoro ndogo, naye kwa kuwa alikuwa na haraka na wakubwa wanamsubiri, akamfokea kwamba hakuajiriwa kuja kumpa matatizo. Binti akakaa kitako. Ofisi nzima ikasikia, na ofisi nzima ikajifunza.

Wiki tatu baadaye programu ikaanza kazi. Ilikuwa inahesabu saa za kibarua kwa kutoa saa aliyoingia katika saa aliyotoka. Aliyeingia saa mbili asubuhi alilipwa sawasawa. Lakini aliyeingia saa nne za usiku na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, mtambo uliona kwamba mtu huyu ametoka kabla hajaingia, ukamwandikia sufuri. Ijumaa ile wanaume wa zamu ya usiku walisimama langoni na bahasha nyepesi mikononi. Mmoja, Ami anamkumbuka shati lake, alikuwa na mtoto aliyelazwa.

Binti alikuwa ameliona kosa lile siku nne kabla. Alikuwa ameliandika kwenye kijikaratasi na kukiweka ndani ya mtoto wa meza yake. Hakuthubutu kukileta.

"Wakubwa waliponiuliza ni nani aliyeshika sehemu ile ya hesabu za saa," Ami alisema, "nikasema ni yeye. Na ilikuwa kweli. Jina lake ndilo lililokuwa kwenye orodha. Akafukuzwa Jumatatu."

Nilimwuliza kama aliwahi kumtafuta.

"Nilimtafuta mwaka 1996. Walisema amehama, kaenda Bara. Sijamwona."

Tukanyamaza. Nje watoto walikuwa wakicheza kibe gizani, umeme ulikuwa umepotea. Kisha akanieleza kwamba tangu siku ile hadi alipostaafu hakuwahi kuanza kikao bila kuuliza ni nani aliye na habari mbaya, na aliyeileta alishukuriwa mbele ya watu, hata akiwa mwanafunzi wa mafunzo ya miezi mitatu. Kwa miezi ya kwanza hakuna aliyemwamini. Watu hawasahau upesi kufokewa, hata aliyefokewa akiwa mwingine. Ilichukua karibu mwaka mzima hadi mtu wa kwanza akainua mkono.

Ndipo nilipoelewa kwa nini, mapema jioni ile, alimwuliza kijana wetu swali lililonishangaza. Kabla hata ya kugusa daftari alimwuliza, "Uliliona lini mara ya kwanza?" Kijana akatazama chini. Alikuwa ameliona wiki mbili kabla ya zogo. Akiba ya mamake mzazi ilikuwa imezidi kwa mia tatu, naye akalirekebisha lile moja kimya kimya, akatumaini mengine hayapo. Aliogopa kina mama wangesema karo ya mwenzao imeliwa bure. Kwa wiki hizo mbili, msomaji, jina la khalati yangu lilikuwa likitembea kisimani na kwenye kibanda cha mboga, na aliyekuwa na ufunguo wa kulifungua alikuwa akipita barazani na kusema hodi.

Nilikasirika, sitaficha. Ami alinishika mkono. Alisema atamsaidia kijana kuitengeneza programu kwa sharti moja, kwamba Alhamisi itakayofuata asimame mwenyewe mbele ya wanachama wote na kusema kilichotokea, tangu siku alipokiona. Kisha akasema yeye naye atakaa kando yake, ili atakayefoka afokee watu wawili.

Niliomba ruhusa kazini nikaenda. Walihudhuria kina mama 31. Kijana alisimama, mikono inamtetemeka, akaeleza habari ya mtandao, ya kubonyeza mara mbili, ya malipo 47. Alipofika kwenye zile wiki mbili za kunyamaza sauti ilikatika, akaanza upya. Akamgeukia Khalati. "Mama, kosa langu. Ulibeba mzigo wangu."

Kimya kilikuwa kirefu. Mama yake, yule wa viazi karai, alijifunika uso kwa leso. Kisha mwanachama mmoja wa nyuma akauliza, "Sasa zile elfu kumi na moja ziko wapi?"

"Hazikuwako, Mama."

"Yaani tulipiga vigelegele bure?"

Wakaangua kicheko, na hapo ndipo nilipoona mabega ya Khalati yakishuka. Yule aliyelisukuma daftari hakucheka. Alikaa hadi wenzake walipoondoka, akaja na kusimama mbele ya Khalati bila kusema kitu, mwishowe akauliza kama maji ya kunywa yapo. Khalati akaenda kumletea. Hayo ni yao wawili, nami sikuyafuata ndani.

Programu bado inatumika, na kitufe chake sasa hufifia ukikibonyeza mara moja. Ami ameongeza sharti kwamba kila mwisho wa mwezi simu, benki na daftari visomwe kwa sauti mbele ya wote. Kijana amerudi chuoni kumalizia mwaka wake wa mwisho. Alhamisi iliyopita nilipompigia Khalati kumjulia hali, aliniambia nisimchelewesha, wenzake wamefika, na hajui nani amemchukulia kalamu yake.